Pembe ya Bihogo

Jumatatu, 2 Septemba

Mvua ya kwanza. Imenikuta juu ya ngazi, nimefika KUKOJOA HAPA NI AM, mwanzo wa AMENDE, yaani faini, kwenye ukuta wa zahanati, na imefuta kila kitu ikaacha KUKO. Watu wanapita, wanasoma, wanauliza: “Kuko nini?”, yaani kuna nini hapa. Muuguzi anasema nirudi kesho nimalize. Mpaka jioni wanaume wawili walikuwa wameshajibu swali hilo ukutani.

Daftari hili nililinunua niandike oda za wateja. Oda zimeishia mstari wa nne, kwa hiyo kwenye karatasi zilizobaki nitaandika maisha.

Jumanne, 3 Septemba

Mvua. Mama amepanda maharagwe. Anasema mkono wangu unafaa jembe kuliko brashi.

Ijumaa, 6 Septemba

Binamu yangu Élie amefika kutoka Goma na kitu nilichomwomba tangu mwaka juzi: toile, kitambaa cha kweli cha wachoraji, kimeviringishwa kama mkeka, kimepakwa nyeupe tayari. Kwenye kizuizi karibu na Mubambiro askari alikifungua, akakigeuza mbele na nyuma, akauliza picha iko wapi. Élie akamwambia haijachorwa. Askari akasema, “Sasa uko unabeba nini?” Wamejadiliana saa nzima na hakuna aliyeshinda.

Toile hii si ya wateja. Nimeshika brashi miaka kumi na tisa hapa Kashuga. Nimechora majina ya saluni, chupa za bia, Yesu watatu, Maria mmoja wa kanisani, jogoo mmoja wa duka la mahindi, na misalaba ya makaburi ambayo sitaki kuihesabu. Juu ya toile hii nitachora kitu changu: mlima ulio mbele ya nyumba yetu, dakika ile kabla ya mvua kufika, wakati kijani kinakaribia kuwa cheusi na bado kinang'aa. Rangi hiyo sijawahi kuipata. Nimeichanganya mara mia na kila mara inatoka rangi ya sombe, kisamvu kilichopikwa.

Nimeipigilia toile misumari kwenye mbao, nimeisimamisha ukutani. Mama ameitazama muda mrefu, akasema inafaa sana kuanikia maharagwe.

Jumatano, 11 Septemba

Papa Nzabandora amekuja kuomba picha ya ng'ombe. Huenda siku moja daftari hili litasomwa na mtu asiyetoka huku, kwa hiyo naeleza.

Katika familia zetu bila ng'ombe hakuna harusi. Lakini siku hizi ng'ombe hatembezwi ovyo njiani, maana wenye bunduki wanapenda nyama. Basi ng'ombe wa mahari anabaki juu mlimani mpaka njia itulie, na siku ya sherehe inapelekwa picha yake. Mwanzoni watu walipeleka picha za simu. Ikaenda hivyo mpaka kijana mmoja alipoonyesha ng'ombe mnene mwenye kengele shingoni, na nyuma yake milima yenye theluji. Wazee wakakaa kikao. Wakaamua: simu haiaminiki, ng'ombe achorwe kwa mkono, na anayechora aende asimame mbele yake kwa miguu yake mwenyewe. Mchoraji ndiye shahidi. Akisema uongo, hachori tena ng'ombe wa mtu.

Ndiyo kazi inayonilisha tangu mwaka jana. Nachora juu ya maturubai ya misaada kwa sababu ndiyo yaliyopo, na nyuma ya kila ng'ombe kuna herufi kubwa za bluu.

Papa Nzabandora ni mfupi, na anaongea kwa sauti ya kushindana na mvua hata siku ya jua. Mwanawe Valens amerudi kutoka Omate, kwenye mashimo ya dhahabu, bila dhahabu, ana kikohozi tu na redio ndogo. Anataka kumwoa Uwamwezi, binti ya Papa Twizeyimana wa ng'ambo ya mto. Jumamosi tunapanda kumwona ng'ombe.

Jumamosi, 14 Septemba

Saa tatu za kupanda. Tope mpaka magotini. Ng'ombe anaitwa Bihogo, na kweli rangi yake ni ile ya kahawia iliyoiva, karibu nyekundu mgongoni na karibu nyeusi miguuni. Macho yake yametulia mno, kama ya mwanamke aliyelea wajukuu. Hapo ndipo uzuri unapoishia. Mbavu zinahesabika. Sikio moja limechanika. Pembe ya kulia inaelekea mbinguni vizuri, ya kushoto imepinda ikashuka mpaka karibu na jicho, inamchungulia.

“Njo Bihogo huyu,” akasema Papa Nzabandora, akimwonyesha kwa kidole. “Ile pembe utainyoosha.”

“Papa, miye niko shahidi. Ninachoraka kile ninaona.”

“Unaona mubaya sababu uko umechoka. Tumepanda mulima.”

“Na mbavu?”

“Weka nyama juu yake. Majani iko inaota. Mupaka njia ifunguke atakuwa ameshanenepa. Ile haiko uongo, Mama Emérita. Ile iko mbele ya wakati.”

“Na pembe itanyooka mbele ya wakati?”

Akavua kofia, akaikung'uta maji, akanitazama kama mtu aliyekuwa ameweka neno akiba.

“Maria ule wa ku kanisa, ulimuchora na sura ya muke wa katekista. Muke wa katekista iko na meno ngapi hapa mbele?”

Mke wa katekista hana hata moja pale mbele. Maria nilimwekea yote.

“Mu nyumba yetu kuko vijana batatu, wote wataoa mu hii saison ya mvua,” akaendelea kwa upole. “Na ku Mweso kuko peintre mwingine. Bantu wanasema iko na mukono mwepesi.”

Mkono mwepesi! Nimewaona ng'ombe zake mchoraji huyo. Wanafanana na meza.

Nimechora kwanza Bihogo kama alivyo, kwa mkaa. Kisha nikafuta pembe moja kwa kidole gumba.

Ijumaa, 20 Septemba

Picha imekwisha. Pembe mbili ndefu, sawasawa. Ni ng'ombe mzuri sana. Sijui ni wa nani.

Jumamosi, 28 Septemba

Sherehe kwa Papa Twizeyimana. Turubai lilitundikwa kwenye ukuta wa mbao, na watu zaidi ya mia wakasimama mbele yake wakanyamaza. Miaka kumi na tisa ya kazi na sijawahi kuona watu mia wamenyamaza mbele ya kitu nilichochora. Shangazi wa Uwamwezi alileta fungu la majani akaliweka chini ya picha. Mzee wa kusifu ng'ombe, kila harusi yetu ina wake, akatoka mbele na fimbo yake, akaisifu ile pembe ya kushoto mpaka povu likamtoka mdomoni. Nilisikia raha, siwezi kuficha.

Papa Twizeyimana ni mrefu na hana maneno. Alisogeza pua mpaka karibu iguse rangi, kisha akanigeukia.

“Ulimuona na macho yako?”

“Nilimuona, Papa.”

Na ni kweli, nilimwona. Sikuulizwa kuhusu pembe.

Alhamisi, 3 Oktoba

Oda mbili. Wote wanataka “pembe sawa za Bihogo”.

Jumanne, 8 Oktoba

Oda tatu. Papa Bienvenu anataka pembe zifike ukingoni mwa turubai. Nikamwambia zikifika hapo ng'ombe hataweza kuinua kichwa. Akasema hatainua, ni picha.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua.

Alhamisi, 17 Oktoba

Kijani kimeniishia. Kila baba wa kijana anataka majani yafike tumboni mwa ng'ombe. Toile bado nyeupe.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mvua. Mama amekaa mlangoni anachambua mboga, anatazama ng'ombe wanne wanaokauka ukutani. “Hizi ngombe unachoraka, zingekuwa za kweli, tungekunywa maziwa,” akasema. “Tazama sasa. Sombe.”

Jumamosi, 26 Oktoba

Leo nilitaka kuanza mlima wangu. Nilichanganya kijani nusu saa. Ikatoka sombe. Kisha akaja mteja, nikafuta brashi nikaenda kumsikiliza. Huwa naenda kumsikiliza kila mara, na hilo ndilo linalonikera, kwa sababu ninajua rangi hainingojei.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimerudi sasa hivi, nimekunywa chai ya tangawizi na haijanituliza.

Njia imetulia tangu Jumatano, na Papa Nzabandora akaamua kumpeleka Bihogo mwenyewe. Alinipitia nyumbani kwa furaha, anataka shahidi awepo. Nikamwambia naumwa. Akasema nitapona njiani.

Tulifika ng'ambo ya mto saa sita. Familia nzima ya Papa Twizeyimana imejipanga uani, shangazi ameshika majani, mzee wa kusifu ng'ombe ameshasafisha koo. Bihogo akaingia uani polepole, na pembe yake ikimchungulia jichoni. Yule mzee akafungua mdomo kusifu na hakuna kilichotoka.

“Hii iko ngombe ya nani?” akauliza Papa Twizeyimana.

“Yako,” akasema Papa Nzabandora. “Njo Bihogo.”

“Bihogo yetu iko na pembe mbili.”

“Hata huyu iko na mbili. Hesabu.”

“Zinaenda juu!”

“Ah, ile ya kushoto.” Papa Nzabandora akaikagua kana kwamba anaiona mara ya kwanza. “Ilipinda mu njia. Juu ya uchovu. Tumetembea kilomita kumi na mbili.”

Kuna kijana mmoja alicheka, akapigwa kofi na mama yake. Papa Twizeyimana akaagiza picha iletwe. Watu wawili wakalishika turubai kando ya ng'ombe, na kila mtu akaanza kulinganisha, hili na huyu, huyu na hili, vichwa vinakwenda kushoto na kulia. Bihogo mwenyewe akanusa picha, akageuka, akaipa mgongo na kujisaidia. Hata yeye hakujitambua.

Papa Twizeyimana hakupaza sauti, na heri angepaza. Alisema mambo mawili. Au Nzabandora alibadilisha ng'ombe njiani, basi ni mwizi. Au shahidi alisema uongo. Mpaka ijulikane ni lipi, binti yake haondoki.

Macho yote yakanigeukia. Mimi nikayatazama matope.

Jumatatu, 4 Novemba

Uwamwezi amekuja peke yake, kwa miguu, amejifunika kitenge kwa sababu ya mvua. Nilidhani anakuja kulia. Amekuja kugomba.

“Dada Emérita, miye sikuomba pembe. Niliomba Valens.”

Nikamwambia najua.

“Haujue. Valens ameshafunga sac yake ya nguo. Anasema atarudia Omate, atachimba mupaka apate ngombe ya pembe mbili.”

“Mu shimo kuko ngombe?”

Nilitaka acheke. Hakucheka. Akasema kaka yake aliingia kwenye shimo kule Walikale miaka mitatu iliyopita na hajatoka mpaka leo, walileta viatu tu. Akasema hataki kuletewa viatu vingine. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja, akatazama toile yangu nyeupe, akauliza mbona ng'ombe wa pale bado haonekani.

Nina aibu. Sijawahi kuandika neno hilo hapa na sasa naliandika. Nilidhani nimechora pembe. Kumbe pembe hiyo inaweza kumpeleka kijana shimoni.

Jumatano, 6 Novemba

Papa Nzabandora amepata suluhisho. Alikuja amebeba ndoo ya udongo wa mfinyanzi na nyuzi za mgomba.

“Weye iko peintre,” akasema. “Photo haifanane na ngombe. Sawa. Tengeneza ngombe ifanane na photo.”

Nilimfukuza. Akarudi. Nikamfukuza tena. Akanikumbusha wale vijana watatu wa nyumba yake. Nikaenda kwake, alikomfunga Bihogo.

Hatutakiwi kuandika mambo kama haya lakini naandika: saa mbili nzima, mimi Emérita, mwenye toile ya kweli kutoka Goma, nilimfinyangia ng'ombe pembe. Tuliifunga kwa nyuzi, nikaipaka rangi ya mfupa, nikaweka hata kivuli. Ilikuwa nzuri kuliko ya kulia. Papa Nzabandora akarudi nyuma hatua tatu kuitazama, akakunja mikono kwa kuridhika, na Bihogo akatikisa kichwa mara moja tu. Pembe ikaruka ikampiga mzee kwenye kofia. Mvua ikamalizia iliyobaki.

Tulikaa chini ya mti wa avoka, wote wawili tumejaa udongo. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, “Valens njo mutoto wangu wa mwisho.”

Ijumaa, 8 Novemba

Nimepokea convocation, barua ya kuitwa, kutoka kwa Chef Isidore, mkuu wa kijiji. Kesho saa nne, “Bi Emérita, shahidi wa ngombe”. Ina muhuri. Chef Isidore anapiga muhuri hata kwenye karatasi ya kufungia sukari.

Habari imetembea kuliko mvua. Tangu asubuhi wamepita baba wa vijana sita, mmoja mmoja, kila mtu na kuku au mkungu wa ndizi. Wote wananiomba nikaze: niseme picha ilikuwa kweli kabisa, ng'ombe alibadilishwa. Maana nikikubali kwamba Bihogo alinyooshwa, wakwe zao watauliza kuhusu ng'ombe zao pia. Papa Bienvenu alikuja wa mwisho. Yeye hakuleta kitu. Alisema tu, “Mama, yangu iko na pembe moja.”

Nikisema picha ni kweli, Nzabandora ni mwizi, na Valens anakwenda Omate. Nikisema ni uongo, hakuna atakayenisimamisha mbele ya ng'ombe tena, na nitarudi kuandika KUKOJOA. Nimemuuliza Mama nifanye nini. Amesema kuku mmoja abaki, wengine niwarudishe.

Jumamosi, 9 Novemba

Kikao kilifanyika uani kwa Chef. Bihogo amefungwa kwenye nguzo, turubai limeegemezwa ukutani. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya sherehe.

“Shahidi,” akasema Chef, “ulimuona hii ngombe?”

“Nilimuona, Chef.”

“Alikuwa na pembe mbili?”

“Mbili.”

“Zote zinaenda juu?”

Nilimwona Papa Bienvenu amefumba macho. Nilimwona Uwamwezi nyuma ya wanawake, na yeye hakufumba.

“Moja inaenda juu,” nikasema. “Ya pili inaenda ku jicho. Iko vile tangu nilimuona. Papa Nzabandora hakubadilisha ngombe. Ni miye nilibadilisha pembe. Na mbavu nazo. Na sikio.”

Kelele zilizotoka pale zilitisha kuku wa kijiji kizima. Wanaume watano waliinuka wakatoka mbio kuelekea milimani, kila mmoja kwenda kuhakikisha ng'ombe wake. Papa Twizeyimana alinyanyuka.

“Weye njo ulitupatia uongo ukutani, tukaleta majani mbele yake.”

“Ndiyo, Papa. Nisamehe.”

Chef Isidore akagonga meza. Akasema dossier, faili la ndoa, haiwezi kubaki na uongo ndani yake. Picha ya zamani itupwe, ichorwe mpya ya kweli, hapa, watu wakiona. Bila hiyo ndoa haiandikwi. Papa Twizeyimana akasema yeye hawezi kumpokea ng'ombe ambaye amemkasirikia. “Chora kwanza. Nitaangalia kama hasira inatoka.”

Nikaenda nyumbani kutafuta turubai. Hakuna hata moja, la mwisho nilimchorea Bienvenu uongo wake. Nilisimama mbele ya toile yangu muda mrefu. Mama akaniambia, “Chukua tu. Maharagwe nitaanika ku kikapo.”

Nimeibeba kichwani mpaka kwa Chef. Nimelia njiani, sikuona haya.

Jumatano, 13 Novemba

Siku nne nachora na wazee kumi nyuma ya mgongo wangu. Wanahesabu mbavu kwa sauti. “Umesahau moja hapa.” “Ile kidonda ku kwato iko wapi?” Mmoja alinitaka niongeze kupe, nikaongeza kupe watatu, akasema ni wanne. Hakuna mtu aliyeniomba nipendezeshe kitu. Sijawahi kufanya kazi hivyo tangu nizaliwe, na mkono wangu haukuchoka.

Leo mchana wingu lilishuka nyuma ya Bihogo. Wazee wakakimbilia barazani. Mimi nikabaki kwa sababu nilikuwa bado na mlima wa nyuma, na kwa haraka nikachovya kwenye kijani brashi isiyo yake, ile yenye kahawia ya mgongo wa Bihogo. Nikapaka kabla sijaona kosa. Nikatazama mlima, nikatazama toile. Ndiyo ile. Ndiyo ile kabisa. Miaka yote nilikuwa naongeza nyeusi, kumbe kilichokosekana ni ng'ombe.

Nilipiga kelele. Chef akatoka na mwavuli akidhani nimeumwa na nyoka.

Ijumaa, 15 Novemba

Papa Twizeyimana alikuja asubuhi, akakaa kwenye kigoda mbele ya picha. Aliitazama mpaka watu wakachoka na kuanza kuzungumza mambo ya mihogo. Valens alikuwa amesimama langoni na sac yake mgongoni. Uwamwezi alikuwa ameishika sac kwa nyuma, waziwazi, mbele ya wazee.

“Nzabandora,” akasema Papa Twizeyimana mwishowe, macho bado kwenye picha. “Ngombe zangu kumi na moja zilikuliwa na wenye bunduki. Zako ngapi?”

“Tisa.”

“Huyu alibakia namna gani?”

Papa Nzabandora akajikuna kichwa. “Kila mara walikuya kuchagua, waliangalia ile pembe. Walisema huyu iko mugonjwa. Wakakamata mwingine.”

Papa Twizeyimana akaitazama pembe iliyochorwa, kisha pembe yenyewe, na safari hii hakulinganisha.

“Na miye mulinipatia photo ya ile ngombe wangekula,” akasema. Akainuka, akafungua kamba ya Bihogo mwenyewe. “Ninamukamata. Na pembe yake. Mutu asiinyooshe.”

Shangazi akapiga vigelegele. Valens akaweka sac chini, akakohoa, akacheka. Papa Nzabandora akanikumbatia mpaka miguu ikaacha ardhi, na yeye ni mfupi kuliko mimi.

Katikati ya furaha nikamwona Chef Isidore anakuja na muhuri wake, anaupulizia pumzi.

“Nitapiga hapa,” akasema, akionyesha mlima wangu. Kijani changu. “Ku ngombe hakuna nafasi. Kisha tutaitoa ku mbao, tutaikunja mara ine, iingie mu dossier.”

“Chef, utaiharibu!”

“Mama Emérita, bila cachet hii iko photo tu.”

Akili ilinijia kutoka sijui wapi. “Bado mbichi, Chef. Ukipiga sasa, cachet itashika rangi.” Akagusa ukingoni. Kidole kikatoka kijani. Akakiri. Tumekubaliana picha ikae kwangu mpaka ikauke.

Jumatano, 20 Novemba

Imekauka.

Ijumaa, 22 Novemba

Chef amekuja. Nimemwambia toile siyo turubai, na mvua hii inachelewesha. Ameondoka.

Jumamosi, 7 Desemba

Harusi. Chef amesema dossier itangoja picha. Nimekula nyama ya mbuzi na kucheza. Wateja walikuwa wamepotea wiki tatu, leo watu wawili wamenivuta pembeni. Zamani walikuja baba wa vijana, sasa wanakuja baba wa wasichana. Wanataka ng'ombe kama alivyo, na kupe wake. Yule wa Mweso hawezi, hajui kuchora mbavu.

Jumapili, 15 Desemba

Papa Twizeyimana amepita baada ya misa kuuliza kama picha imekauka. Nikasema bado. Akakaa kidogo.

Jumapili, 22 Desemba

Papa Twizeyimana. Bado. Amekaa saa nzima. Mama amempa chai.

Jumatatu, 30 Desemba

Tumevuna maharagwe. Mgongo hauna hali.

Jumapili, 5 Januari

Mvua imekwisha. Papa Twizeyimana amekaa mpaka chai ikapoa. Hakuuliza kama imekauka, na mimi sikusema.

Ijumaa, 10 Januari

Jua kali tangu juzi. Tope lote limekuwa vumbi, na maharagwe ya Mama yanapasuka yenyewe uani. Nilipowaona kwa mbali Chef Isidore na Papa Twizeyimana wanapanda njia, Chef na mkoba wa muhuri, nilijua mvua haitanisaidia tena. Nikakimbia jikoni, nikachovya kitambaa kwenye chupa ya mafuta, nikafuta ukingo wote wa chini wa picha. Mimi niliyesema ukweli mbele ya kijiji kizima. Sikufikiria hata mara mbili.

“Miezi mbili, Mama,” akasema Chef. “Leo ni leo.”

“Bado mbichi, Chef.”

“Na hili jua?”

“Toile,” nikasema, na sikuwa na neno lingine.

Chef akanyoosha mkono. Papa Twizeyimana akamtangulia. Akapitisha kidole chake kirefu ukingoni, akakitazama kinavyong'aa. Akakipeleka puani. Mawese, ya asubuhi hii, hata mimi niliisikia harufu yake kutoka nilipokuwa. Akanitazama.

“Iko mbichi, Chef,” akasema. “Iko mbichi kabisa. Tutarudia ingine siku.”

Akavuta kigoda, akakaa mbele ya picha.